Somo la leo: Kuni zako zisiwe daraja la mchwa kuingia kwenye mzigo wako



Wengi wetu tunaouza mtandaoni hatuna fremu. Duka ni simu, stoo ni chumba cha nyuma, na mzigo mwingine upo chini ya kitanda. Nyumba hiyohiyo ndiyo tunayoishi na kupikia. Kuna wanaotumia kuni kila siku, kuna wanaozitumia gesi ikikata, na kuna mama lishe wanaopokea oda za pilau na supu kwa WhatsApp, ambao bila kuni kazi haiendi.

Sasa angalia kwako kuni zipo wapi. Nyumba nyingi zimepangwa nje, zimelala juu ya udongo, zimeegemea ukuta. Halafu jiulize: upande wa pili wa ukuta huo kuna nini? Kama jibu ni maboksi ya mzigo, somo hili ni lako. Lisome mpaka mwisho.

HESABU KWANZA, MAANA SISI NI WAFANYABIASHARA

Tuchukue mfano. Una mashuka 40. Umenunua kila moja shilingi 15,000, kwa hiyo mtaji ulioweka hapo ni 600,000. Kila shuka unapata faida ya 5,000.

Mchwa wakapanda kutoka sakafuni, wakatoboa mashuka 9 ya chini kabisa. Hayo huwezi kumpelekea mteja. Hasara ni 9 mara 15,000, yaani 135,000.

Ili faida irudishe hiyo 135,000, unatakiwa uuze mashuka 27. Umebakiwa na 31. Kwa hiyo ukiuza yote, ni mashuka manne tu ya mwisho yanayokupa faida ya kweli, yaani 20,000. Umepiga picha, umeposti, umejibu inboksi usiku wa manane, umelipa bodaboda, umebaki na elfu ishirini.

Na hapo sijahesabu mteja aliyepokea shuka lenye tundu ambalo hukuliona. Huyo hakuachi hivihivi, anapiga picha na kuweka status.

Kwa hiyo haya si mambo ya usafi wa nyumba tu. Ni ulinzi wa mtaji.

MCHWA ANAFANYAJE KAZI

Ukimjua adui utajua pa kumkamata.

Chakula cha mchwa ni selulosi, kitu kinachojenga mti na mimea. Kuni ni selulosi. Karatasi na boksi la kadibodi vimetokana na mti. Pamba nayo ni selulosi tupu. Kwa hiyo kwa mchwa, rundo la kuni, boksi la viatu, daftari la madeni na shuka la pamba ni sahani nne za chakula kilekile. Nguo ya polista si chakula chake, lakini akiikuta njiani anaweza kuitafuna ili apite.

Mchwa tunaowaona sana huku kwetu wanaishi ardhini. Wapo wanaojenga vichuguu vikubwa, na wapo ambao kiota chao kipo chini kabisa, juu huoni kitu. Mwili wa mchwa kibarua ni laini na mweupe. Akikaa kwenye hewa kavu na jua anakauka na kufa. Ndiyo maana hatembei ovyo mahali pa wazi. Anasafiri ndani ya udongo, ndani ya mti, au ndani ya njia ya udongo anayoijenga mwenyewe, ile mistari ya tope unayoiona ukutani au kwenye shina la mwembe.

Mchwa hali saruji. Lakini hahitaji kuila. Ufa mdogo kati ya sakafu na ukuta unamtosha, na tundu la bomba au waya nalo linamtosha.

Sasa unganisha mambo. Kuni zimelala juu ya udongo na zimegusa ukuta. Mchwa anatoka ardhini anaingia kwenye ukuni wa chini bila kuonekana. Anakula anapanda, ukuni hadi ukuni, yupo kivulini, yupo kwenye unyevu, hakuna anayemwona. Akifika kwenye ukuta, rundo lenyewe linamficha wakati anatafuta ufa. Siku unayogundua, tayari yupo ndani ya boksi.

Hapa ndipo penye somo lote. Watu wanadhani nafasi kati ya kuni na ukuta ni ya kumzuia mchwa asipite. Hapana. Mchwa akitaka atajenga njia yake ya udongo na kupita. Kazi ya nafasi ni kumlazimisha ajenge hiyo njia mahali ambapo wewe unaiona. Nafasi haimzuii mchwa, inamuumbua. Na mchwa uliyemwona mapema ni kazi ya dakika tano, si hasara ya laki.

SI KILA MDUDU WA KUNI NI MCHWA

Kabla hujakimbilia dukani kununua dawa, tambua unayemwona ni nani. Angalia alama anazoacha.

Ukiona tope, yaani njia za udongo ukutani, kwenye mguu wa meza au ndani ya ukuni, huyo ni mchwa wa ardhini. Ndiye hatari kubwa kwa mzigo.

Ukiona chembe ndogo ngumu, kama mchanga au kama vimbegu, zimedondoka chini ya kabati au fremu ya mlango, huyo anaweza kuwa mchwa wa mbao kavu. Huyu hahitaji kugusana na ardhi, anaishi ndani ya mbao yenyewe. Anapenda sana maeneo yenye unyevu hewani, ndiyo maana watu wa pwani wanamjua. Anaweza kuletwa na fanicha ya zamani au mbao chakavu, hata kama hakuna udongo karibu.

Ukiona unga laini kama wa ngano unatoka kwenye vitundu vya mviringo, hao ni vidudu vya jamii ya dumuzi, wanaotoboa mbao. Wapo wanaopenda mianzi na mbao laini za nje ya gogo. Na kama unauza unga, mahindi au makopa, jua kwamba dumuzi mkubwa wa mahindi, yule aliyeingia Afrika Mashariki kutoka bara la Amerika, asili yake ni mdudu wa kutoboa mti. Anaweza kuishi kwenye miti mikavu msimu ambao hakuna mahindi. Kwa hiyo rundo la kuni kuukuu pembeni ya magunia ya mahindi si ujirani mzuri.

Ukiona mende, sisimizi, tandu au nge, hao hawajaja kula kuni. Wamekuja kukaa. Rundo lenye giza na unyevu ni nyumba nzuri kwao. Panya naye akija, nyoka anamfuata panya. Ndiyo maana kuni hatuzichukui kwa mkono mtupu gizani. Tumia tochi, vaa viatu, gongagonga rundo kwa fimbo kwanza, na watoto wasicheze hapo.

Jambo la kukutuliza: vidudu vingi vinavyotoka kwenye kuni mbichi au chini ya magamba vinahitaji mti mbichi au magamba hayohayo ili viishi. Ukimwona mmoja anatembea sakafuni haina maana kabati lako limekwisha. Mfagie nje, endelea na kazi. Wa kushughulika naye haraka ni mwenye tope, mwenye chembe na mwenye unga.

HATUA 7 ZA KUPANGA KUNI

1. Chagua mahali. Kama una eneo, kuni zikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Ni kama hatua nane kubwa za mtu mzima. Kama huna eneo hilo, usikate tamaa, nitakuambia chini. Ila kwa vyovyote usiziweke kwenye ukuta wa chumba chenye mzigo, na usiziweke karibu na jiko linalowaka. Cheche moja inatosha kumaliza kuni, stoo na nyumba.

2. Zinyanyue kutoka ardhini. Panga matofali mistari miwili, weka juu yake vyuma chakavu, mabomba au mbao ngumu, halafu ndiyo kuni. Chini pabaki nafasi ya shibiri moja, uweze kuinama na kuona upande wa pili. Ukitumia mapaleti, yaweke juu ya matofali, yasilale kwenye udongo, maana paleti nalo ni mbao.

3. Acha nafasi ya ukuta. Kuni zisiguse ukuta, zisiguse nguzo ya nyumba, zisiguse mlango, zisiguse mti. Nafasi iwe ya kupitisha fagio bila shida. Kama fagio halipiti, nafasi haitoshi.

4. Pasua, kisha kausha. Ukuni mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na gogo zima linakauka polepole sana kwa sababu magamba yanashikilia maji. Likipasuliwa, hewa inaingia. Magamba yanayotoka kirahisi yabandue, maana chini yake ndiko vidudu vinakojificha. Ukuni mkavu utaujua: una nyufa kwenye ncha, ni mwepesi mkononi, na ukigonga viwili unasikia mlio mkali, si mlio mzito. Kuni kavu zinawaka vizuri, zina moshi kidogo, na wadudu wengi hawazitaki. Mama lishe hapo umeokoa na macho yako.

5. Funika juu, acha pembeni wazi. Bati chakavu au turubai likae juu tu, lizidi kidogo mbele ili mvua isipige. Ukifunika mpaka chini kama zawadi, umefungia unyevu ndani, na umewatengenezea wadudu chumba cha giza.

6. Za zamani zitoke kwanza. Hii mnaijua kwenye mzigo, ifanye na kwenye kuni. Zikija mpya, usizimwage juu ya za zamani. Panga sehemu mbili, kulia za kutumia sasa, kushoto zinazokauka. Rundo ambalo chini yake halijaguswa mwaka mzima ndilo linalogeuka kijiji cha mchwa.

7. Safisha chini. Vipande vidogo, magamba, unga wa mbao na majani vifagiwe kila mara. Usiache visiki na mbao zilizozikwa karibu na nyumba. Fundi akimaliza kazi, mabaki ya mbao yasifukiwe kwenye kifusi pembeni ya msingi. Hicho ni chakula cha mchwa umekiweka mlangoni.

NA KAMA NIMEPANGA, UWANJA NI MDOGO?

Wengi tupo hivi. Nyumba ya wapangaji sita, uwanja mmoja, kila mtu na rundo lake. Mita 6 utazitoa wapi?

Fanya hivi. Kwanza, punguza rundo. Usinunue kuni za miezi mitatu kama huna pa kuziweka, nunua za wiki mbili. Rundo dogo linaloisha haraka halimpi mchwa muda wa kujipanga.

Pili, tumia stendi. Chuma cha meza iliyovunjika, kitanda cha chuma kilichochakaa, rafu ya zamani, vyote vinafaa. Kuni zikiwa juu ya miguu minne ya chuma, mchwa akitaka kupanda lazima apitie mguu, na mguu unauona wote. Ukipita asubuhi unatupa jicho tu.

Tatu, ongea na wenzako. Mwambie jirani kwa upole, "Jirani, hizi kuni tukizisogeza kidogo kwenye ukuta tutaona mchwa wakianza." Ukuta ni mmoja, na mchwa hajui mpaka wa chumba chako na cha mwenzako. Mkikuta njia za udongo kwenye ukuta wenyewe, mwambieni mwenye nyumba mapema. Paa na milango ni mali yake, naye ana sababu ya kusikiliza.

Nne, kuni za ndani ziwe za kupikia leo tu. Usihamishie rundo jikoni au stoo kwa sababu mvua inanyesha. Ingiza za siku moja, zichome.

UPANDE WA NDANI: MZIGO NAO UNYANYUKE

Kuni ukizipanga vizuri lakini mabokisi yamelala sakafuni yakigusa ukuta, kazi umefanya nusu. Sheria ni ileile: nyanyua, tenga, kagua.

Mzigo usikae chini. Rafu ya chuma ni bora. Kama huna, weka matofali na ubao juu yake, ila ukague ubao huo. Boksi la kwanza lisiwe linagusa ukuta, acha nafasi ya ngumi moja.

Nguo za pamba, vitabu, mashuka, madaftari na khanga viweke kwenye ndoo kubwa au makontena ya plastiki yenye mfuniko. Plastiki si chakula cha mchwa. Lakini kontena lisiwe kisingizio cha kutofungua miezi sita, kwa sababu unyevu ukifungwa ndani unaleta ukungu. Hakikisha nguo ni kavu kabisa kabla ya kufunga.

Maboksi ya kadibodi ya kufungashia oda yasirundikwe kona ya giza. Yakunje, yasimamishe juu ya rafu. Boksi ulilookota dukani kalikung'ute nje juani kabla ya kuliingiza. Mende wanapenda kuacha mayai kwenye mikunjo ya maboksi.

Ziba nyufa kati ya sakafu na ukuta kwa saruji. Tengeneza bomba linalovuja. Maji ya kuogea na kufulia yasimwagwe kwenye msingi wa nyumba kila siku, maana udongo wenye unyevu ndio njia anayoipenda mchwa.

MAMBO YA KUTOFANYA

Usipulizie dawa ya wadudu kwenye kuni. Hizo kuni zitaungua, moshi wake utauvuta wewe na watoto, na utaingia kwenye chakula unachomuuzia mteja. Kuni zinatunzwa kwa kukauka, si kwa dawa.

Usimwagie kuni oili chafu. Moshi wake ni mbaya, udongo unaharibika, na umeongeza kitu cha kushika moto pembeni ya nyumba.

Usichome mbao zilizopakwa rangi wala zilizowekwa dawa, kama mabaki ya nguzo na mbao za kenchi zenye rangi ya kijani. Baadhi ya dawa hizo zina sumu inayobaki kwenye moshi na kwenye majivu. Majivu hayo usiyatie bustanini.

Usipulizie dawa kwenye mzigo. Nguo ya mtoto yenye harufu ya dawa haiuziki, na ikiuzika inaweza kumdhuru. Na vile vidonge vyeupe vya kabatini si kinga ya mchwa anayetoka ardhini, usiweke imani yako hapo.

Ikiwa nyumba yenyewe inahitaji dawa, kwenye msingi au kwenye kuta, muite mtu wa kazi hiyo. Muulize dawa anayotumia, na aweze kukuonyesha chupa yenye lebo. Kwa Tanzania, viuatilifu vinasimamiwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa ya kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, anayotembeza mtu mtaani, iache. Mzigo wote utoe kabla hajaanza, na usiurudishe mpaka muda alioelekeza upite.

UMESHAWAKUTA? FANYA HIVI LEO

Usipaniki, na usianze kwa kubomoa kila kitu.

Piga picha njia ya udongo kwanza, ukumbuke ilipo. Halafu vunja kipande chake kidogo, kama urefu wa kidole. Ukiona vidudu vyeupe vinakimbia, wapo kazini sasa hivi. Usipoona kitu, rudi baada ya siku mbili. Kipande kikiwa kimezibwa upya, bado wapo. Kikibaki wazi wiki nzima, huenda njia hiyo imeachwa, lakini endelea kuangalia.

Toa mzigo wote wa upande huo. Kila boksi lifunguliwe nje, mwangani, si ndani. Kung'uta kipande kimoja kimoja. Gawa mafungu matatu: salama, chenye doa la tope linalofulika, na kilichotobolewa. Cha tundu usikifiche. Kama bado kinafaa, kiuze kwa bei ya chini na picha ya tundu ionekane, mteja ajue anachonunua. Wapo watakaochukua kwa kazi ya ushonaji au matambara.

Maboksi yaliyoliwa yachome au yapeleke mbali siku hiyohiyo. Usiyaweke nje pembeni ya ukuta, utakuwa umewahamishia chakula hatua mbili tu.

Kisha nenda upande wa pili wa ukuta. Sogeza kuni zote, kuanzia za juu. Zenye mchwa zianze kwenda jikoni leo. Paache wazi, jua lipige, na uone wanatokea wapi. Ukishajua wanakotoka, ziba ufa, au muite mtaalamu ukiona ni wengi na wanarudi.

KWA MNAOUZA KUNI, VIKAPU NA VINYAGO

Kwenu huu si ulinzi tu, ni jina la biashara.

Muuza kuni, mteja wa nyama choma akifungua mfuko akakuta tope na mchwa, hatakuita tena. Kausha, kung'uta, panga, ndipo upige picha. Fungasha kwenye mifuko ya nyavu inayopitisha hewa, si plastiki iliyofungwa. Mwambie mteja maneno mawili wakati unampelekea: "Ziweke juu ya tofali, zisiguse ukuta." Ataona unajua kazi. Na kabla ya kusafirisha kuni au mkaa kutoka wilaya moja hadi nyingine, pita ofisi ya misitu uulize vibali, usije kupoteza mzigo njiani.

Muuza vinyago, miko, stuli na vikapu, kila kitu kikae siku kadhaa juu ya karatasi nyeupe kabla hujakiposti. Unga ukidondoka kwenye karatasi, usikitume. Kitu kidogo cha mbao unaweza kukifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukiweka kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kipoteze ubaridi, la sivyo kitalowa jasho. Jaribu kwanza kwa kitu cha bei ndogo, maana mbao nyingine zinaweza kupasuka.

Na kama unatuma nje ya nchi kwenye kreti la mbao, jua kwamba nchi nyingi zinadai mbao za kufungashia ziwe zimetibiwa. Kipimo cha kimataifa cha njia ya joto ni nyuzi 56 mpaka katikati ya mbao, kwa dakika 30 mfululizo, na mbao zinapigwa mhuri. Uliza kabla ya kugongea misumari. Kreti la mbao za kuokoteza linaweza kuzuiwa bandarini na mzigo wako ndani.

RATIBA YA DAKIKA KUMI

Ili haya yasibaki kwenye simu, chagua siku moja ya wiki. Wengi Jumapili asubuhi inafaa, kabla oda hazijaanza.

Dakika 3 nje: inama, angalia chini ya kuni. Pitisha fagio kati ya kuni na ukuta. Angalia miguu ya stendi kama ina mstari wa tope.

Dakika 4 ndani: zunguka kona za chumba cha mzigo na tochi. Nyanyua boksi la chini kabisa, usiangalie la juu, maana hasara huanzia chini. Ligonge mbao za rafu, zikitoa sauti ya utupu zichunguze.

Dakika 3 za mwisho: fagia magamba na vipande, andika kwenye daftari tarehe na ulichokiona. Hata kama ni "hakuna kitu".

Mara mbili kwa mwaka ongeza nguvu: kabla ya masika, ambayo kwa sehemu nyingi huanza Machi, na kabla ya vuli, karibu Oktoba. Mvua zikianza utawaona kumbikumbi wanajaa kwenye taa. Hao ni mchwa wenye mbawa, wanatoka kwenda kuanzisha makoloni mapya. Zima taa za nje usizozihitaji, funga madirisha jioni, fagia mbawa asubuhi. Wakiingia kwa dirisha wakifuata taa, si neno. Lakini ukiwaona wanatoka kwenye ufa wa ukuta au sakafu ya ndani, basi koloni lipo karibu sana, na hiyo si ya kusubiri Jumapili.

Matofali sita, vyuma viwili chakavu na fagio. Kwa walio wengi, gharama inaishia hapo. Ukilinganisha na ile 135,000 ya juu, unajua kipi ni rahisi.

Kazi ya leo: toka nje sasa hivi, angalia kuni zako zimegusa nini. Kama zimegusa ukuta, zisogeze kabla hujala cha jioni. Halafu save posti hii, na umtumie mwenzako anayehifadhi mzigo nyumbani.

Biashara njema.